Zamu Nne za Usiku: Mwongozo wa Kukesha na Kusimama Imara katika Imani

Usiku wa kuamkia mateso, Petro alimwahidi Bwana mbele ya wenzake kwamba hata wote wakikimbia, yeye atabaki. Hakuwa mnafiki, alimaanisha. Saa chache baadaye alikuwa amesinzia katika bustani ya Gethsemane, na kabla hakujapambazuka alikuwa amekana mara tatu kwamba anamjua. Wakristo wengi wanaopoa hupitia njia hiyohiyo. Upendo wanao, nadhiri waliweka, na machozi yao siku ya ubatizo, ya kipaimara au ya kuokoka yalikuwa ya kweli. Walichokosa ni mpango wa ulinzi.

Mwishoni mwa sura ya 13 ya Injili ya Marko, Yesu anawaagiza wanafunzi wakeshe kwa kuwa hawajui mwenye nyumba atarudi saa ngapi. Anataja nyakati nne: jioni, usiku wa manane, jogoo anapowika, na asubuhi. Ndivyo Warumi walivyougawa usiku katika zamu za ulinzi. Ukiendelea na sura ya 14 na mwanzo wa ile ya 15, utaona jambo ambalo wafafanuzi wa Biblia wamelionyesha zamani: katika usiku mmoja tu, zamu zote nne zinapita, na kila moja inamkuta mtu hayuko macho. Jioni ni Yuda mezani. Usiku mnene ni wanafunzi watatu bustanini. Jogoo anapowika ni Petro uani. Asubuhi ni umati mbele ya Pilato.

Tutazifuata zamu hizo moja baada ya nyingine, maana kila moja ina adui wake na ulinzi wake.

KABLA YA ZAMU: USILINDE PEKE YAKO

Mwaka 1727, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, Wamoraviani walianza utaratibu wa maombi usiokatika. Wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku, kila mmoja akashika saa yake. Utaratibu huo ulidumu kwa takriban miaka 100. Ni kanisa hilohilo lililotoa wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, na leo Wamoraviani ni wengi Mbeya na Tabora. Katika habari hiyo watu hupenda kutaja ile miaka 100. Mimi nakuomba utazame ile saa moja. Hakuna aliyetakiwa kukesha saa 24. Kila mmoja alijua saa yake inaanza lini na nani anapokea baada yake.

Hapo ndipo tunapokosea wengi. Tunatoka kwenye semina au mkutano wa injili tumewaka moto, tunaapa kuamka saa tisa usiku kila siku, tunafunga juma zima, na baada ya muda mfupi hata sala ya kulalia imetushinda. Anza na kidogo kinachodumu:

Chagua saa moja isiyobadilika. Robo saa inatosha kwa kuanzia. Mama anayeamka saa kumi na moja kukanda unga wa maandazi hawezi kuwa na saa sawa na mwanafunzi wa chuo. Chagua saa yako, si ya mhubiri wako.

Soma kwa mpangilio. Tabia ya kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole haijengi. Kama kanisa lako lina kalenda ya masomo, ifuate. Wakatoliki, kwa mfano, wana mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Jumapili, A, B na C. Kama huna kalenda, anza na Marko. Ina sura 16. Sura moja kwa siku itakuchukua majuma mawili na ushee.

Simu isubiri. Ukifungua WhatsApp kabla ya kuomba, utaomba ukiwa na hasira za watu wengine kichwani. Kama Biblia yako imo ndani ya simu, zima data kwanza.

Tafuta watu wawili. Mmoja rika lako, mmoja aliyekutangulia katika imani. Wape ruhusa ya kukuuliza maswali ya wazi, na usikasirike wakiuliza. Jumuiya ndogondogo, kikundi cha nyumba kwa nyumba au seli ni mahali pazuri pa kuwapata, kwa sababu hapo watu wanajua unapoishi na wataona usipokuja.

ZAMU YA KWANZA: JIONI, FEDHA INAPOINGIA MEZANI

Yuda hakuanzia kwenye vipande 30 vya fedha. Injili ya Yohana inaeleza kwamba ndiye aliyeshika mfuko wa kikundi, na kwamba alikuwa na mazoea ya kuchukua kilichotiwa humo. Wengine hawakumshuku. Yesu alipotangaza kwamba yupo atakayemsaliti, kila mmoja aliuliza kama ni yeye, wala hakuna aliyemnyooshea Yuda kidole. Mtu anaweza kushiriki meza ya Bwana huku moyo wake umekwisha kuondoka zamani.

Kwetu sisi mfuko huo ni hazina ya kwaya, mchango wa msiba, kikoba, mshahara, na ile bahasha ya "chai" inayosukumwa chini ya faili. Ni pia mkeka wa kubeti unaojazwa kimyakimya na mzee wa kanisa.

Ulinzi wa zamu hii ni kuchunguza dhamiri kila jioni kabla ya kulala. Jiulize: leo imepita mkononi mwangu hela ambayo siwezi kumweleza mwenzi wangu ilikotoka? Kuna deni ninalolikwepa? Kuna mtu nimemcheleweshea ujira wake? Jibu likikuchoma, usilitafutie aya ya kulipoza. Panga kesho utarudisha nini, kwa nani, saa ngapi.

Ukikabidhiwa fedha za kikundi, usizishike peke yako hata siku moja. Omba mshika fedha wa pili, omba hesabu zisomwe mbele ya wote, na usikope humo hata kama unajua utarudisha Ijumaa. Utaratibu huo unawalinda wanakikundi, lakini wa kwanza kulindwa ni wewe.

Kuhusu sadaka, Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, pasipo kulazimishwa. Basi kusudia ukiwa nyumbani, kabla kinanda hakijaanza kulia. Na usichukue mkopo wa simu ili "kupanda mbegu". Riba ya mkopo huo utailipa wewe, na watakaokosa ada ni wanao.

ZAMU YA PILI: USIKU WA MANANE, UCHOVU NA HUZUNI

Kwa nini wanafunzi walisinzia Gethsemane? Luka anatupa sababu inayopitwa na wengi: walilala kwa ajili ya huzuni. Hawakuwa wavivu, walikuwa wamezidiwa. Zamu hii inamkuta mama aliyefiwa na mtoto, kijana aliyemaliza chuo na kuzunguka na vyeti miaka mitatu, muuguzi anayetoka zamu ya usiku na kukuta nyumbani kuna mgonjwa mwingine. Watu wa namna hii hawaiachi imani kwa kelele. Huanza kukosa ibada moja, kisha mbili, na wanapoulizwa husema wamebanwa tu.

Ukiwa katika zamu hii, usijiongezee mzigo. Nabii Eliya alipokata tamaa na kuomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, ndipo akaanza safari ndefu ya kwenda Horebu. Huwezi kumkeshea Mungu kwa mwili uliomalizika. Kama mkesha wa Ijumaa unakufanya uendeshe bodaboda Jumamosi ukisinzia, nenda mara moja kwa mwezi, au jiunge na maombi ya mchana. Hutakuwa umerudi nyuma.

Pili, jifunze kulalamika mbele za Mungu. Wengi tumezoeshwa kwamba mtu wa imani lazima aseme "nimebarikiwa" hata nyumba ikiungua. Zaburi hazitufundishi hivyo. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atasahau hadi lini. Ya 88 inaisha gizani bila neno la faraja. Ukishindwa kutunga maombi yako, soma hizo kwa sauti. Malalamiko yanayopelekwa kwa Mungu bado ni maombi. Imani inaanza kufa pale mtu anapoona hakuna haja hata ya kulalamika.

Tatu, ita watu. Yesu mwenyewe, siku ambayo nafsi yake ilijaa huzuni, aliwaomba watatu wakae naye karibu. Mpigie simu mmoja wa wale wawili uliowachagua na useme wazi: "Siwezi kuomba siku hizi, niombee wewe." Na kama huzuni imekuondolea usingizi na hamu ya kula kwa majuma, au inakuletea mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali pamoja na kwenda kwa mchungaji. Kutibiwa si upungufu wa imani.

Kama ni wewe unayemwona mwenzako amesinzia, usianze na lawama. Peleka chakula, fua nguo za mtoto, kaa naye. Aya zitafuata.

ZAMU YA TATU: JOGOO ANAPOWIKA, AIBU NA WOGA

Tazama hatua za Petro. Kwanza alimfuata Bwana kwa mbali. Kisha akaingia uani akaketi na watumishi, akiota moto wao. Hatimaye kijakazi mmoja akamtambua, akakana. Hakutishwa na askari mwenye upanga. Aliulizwa swali na msichana wa kazi. Kukana kwetu pia huwa kwa namna hiyo: ofisini wanapocheka, kwenye kikao cha ukoo wanapoamua kwenda kwa mganga, au pale bosi anapotaka usaini ripoti unayojua ni ya uongo.

Hatua ya kulinda ni ile ya kwanza, ule umbali. Aliye karibu na wenzake katika imani hupata neno la kusema akiulizwa. Aliye mbali hujikuta akitafuta joto popote lilipo. Andaa jibu lako kabla ya swali, liwe fupi na la upole. "Mimi nitachangia matibabu ya baba, nauli na dawa, ila kwa mganga siendi" ni jibu linalotosha. Halimtukani mtu wala halikuachii mlango wazi.

Historia ya ukanda wetu ina walimu wa zamu hii. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 kisha ukaenea Bukoba na Kenya, uliwazoesha watu kukutana kila juma na kuungama makosa yao kwa majina yake. Ilipofika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari nchini Kenya, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengine wakakataa vilevile kubeba silaha za serikali ya kikoloni. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Janani Luwum, askofu mkuu wa Kanisa Anglikana la Uganda, naye alikuwa mtoto wa uamsho huo. Mwezi Februari 1977 aliungana na maaskofu wenzake kuandika barua ya kulalamikia mauaji yaliyokuwa yakifanyika chini ya Idi Amin, na tarehe 16 ya mwezi huo aliuawa. Ujasiri wao haukuzaliwa siku ya hatari. Ulikuwa umefanyiwa mazoezi kwenye vikao vidogo vya kila juma, mahali ambapo mtu alizoea kusema ukweli hata ukimwaibisha.

Kuna ndugu zetu walio Ghuba kikazi, na zamu hii kwao ina sura nyingine. Saudi Arabia haina makanisa. Oman ina makanisa katika maeneo ya Ruwi na Ghala mjini Muscat, na Qatar ina eneo maalumu la makanisa nje kidogo ya Doha. Huko ibada kubwa huwa Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Lakini msichana wa kazi za nyumbani anaweza asipate ruhusa ya kutoka hata hiyo Ijumaa. Kama ni wewe, ijue sheria ya nchi uliyopo na usiitafutie ugomvi. Kusimama imara hakuhitaji mabishano. Patana na mtu mmoja nyumbani msome sura ileile siku ileile na mtumiane ujumbe wa sauti. Zikariri zaburi chache kabla ya kusafiri, maana zilizo kichwani hakuna anayeweza kukunyang'anya.

ZAMU YA NNE: ASUBUHI, MKUMBO

Zamu hii inahitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu ndiyo iliyotuumiza zaidi katika miaka ya karibuni. Asubuhi ile, umati uliochochewa na wakuu wa makuhani ulipiga kelele, na Pilato akaamua kwa kutaka kuuridhisha. Watu wale walikuwa wa dini. Walikuwa macho kabisa, ila hakuna aliyekuwa akitazama kwa macho yake mwenyewe.

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada. Walikuwa wameuza mali zao na kusubiri mwisho wa dunia ambao viongozi wao walikuwa wametabiri. Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwezi Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, makaburi yalianza kufukuliwa, na hatimaye miili zaidi ya 400 ilitolewa, mingine ya watoto. Wachunguzi walieleza kwamba waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Ni rahisi kusema wale walikuwa wajinga. Hawakuwa. Walikuwa watu wenye kiu ya Mungu kuliko wengi wetu, na waliamini kwamba wanakesha. Lakini katika sura ileile ya 13 ya Marko, kabla tu ya kuagiza watu wakeshe, Yesu anasema kwamba siku wala saa hakuna aijuaye, hata Mwana. Kwa hiyo mkesha wenye tarehe si ule aliouagiza. Anayekesha kwa haki huendelea kupanda mihogo, kulipa ada na kumeza dawa zake za presha.

Kabla hujalifuata fundisho jipya, liwe la kanisa jipya, la nabii au la klipu uliyotumiwa, lipitishe katika maswali haya:

Ninaruhusiwa kuuliza? Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakachunguza Maandiko kila siku kuona kama asemayo ni kweli, na kitabu cha Matendo kinawasifu. Mwalimu anayekasirishwa na swali anataka uwe macho kwa kila mtu isipokuwa kwake.

Ninatengwa na watu wangu? Kuambiwa umkimbie mume, wazazi au marafiki kwa kuwa "wana roho chafu" ni dalili mbaya. Atakayebaki kukushauri ni yule anayekushauri uwakimbie.

Ninaambiwa niache nini? Dawa za kisukari, ARV, kliniki, shule ya watoto, chakula cha mtoto: yeyote anayekuondolea hivi kwa jina la imani, ondoka kwake leo. Kama kuna watoto hatarini, toa taarifa kwa mamlaka.

Mali inakwenda wapi? Kama hesabu hazisomwi na shamba lako linatakiwa, umepata jibu.

Nani analipa gharama? Swali hili ndilo linalotenganisha msimamo na ukaidi. Vijana waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, hawakutafuta kifo. Walihukumiwa na Kabaka Mwanga kwa kukataa kuikana imani, na katika kukataa kule mlikuwamo pia kukataa matakwa yake juu ya miili yao. Karoli Lwanga, kiongozi wao, aliwalinda wadogo ikuluni, akawafundisha, na hatari ilipokaribia akawabatiza wale waliokuwa bado katika mafundisho. Imani iliyo imara huwakinga wanyonge. Inayowatanguliza watoto kufa, hata ikiimba vizuri namna gani, usiingie humo.

UKIKUTWA UMELALA

Utaanguka mahali fulani. Tofauti ya Yuda na Petro haikuwa ukubwa wa kosa. Yuda alijuta, akarudisha fedha, kisha akabaki peke yake na majuto yake. Petro alilia, na alipolia akarudi kwa wenzake, ndiko Bwana alikomkuta. Baadaye, kando ya ziwa, aliulizwa mara tatu kama anampenda, idadi ileile ya kukana kwake, akapewa kazi ya kuchunga.

Kwa hiyo ukianguka, usihame kanisa ili kukwepa macho ya watu. Nenda kwenye kitubio kama wewe ni Mkatoliki. Kama siyo, mwendee mchungaji au mzee anayejua kutunza siri. Litaje kosa kwa jina lake. Uliyemkosea, mlipe au mwombe radhi. Kisha rudi kwenye ile robo saa yako kesho yake, hata ukijihisi mkavu. Usijiwekee adhabu ya kufunga siku arobaini. Hiyo mara nyingi ni kiburi kilichovaa gunia.

PA KUANZIA WIKI HII

Leo, andika kwenye karatasi saa yako na kitabu utakachosoma.

Kabla ya Jumapili, waombe wale watu wawili, na uwaambie ni zamu ipi kati ya hizi nne inayokushinda zaidi. Mwenye shida ya fedha asipoteze nguvu zake akilinda mlango wa aibu.

Mwisho wa mwezi, keti nao nusu saa. Waulize wanaona nini kwako ambacho wewe hukioni.

Majira ya Kwaresima na Majilio, pitia upya mpango wote. Kazi, ndoa, uzazi na ugonjwa hubadilisha saa za mtu. Badili ratiba bila kuifuta.

Na ukishapata wa kukuamsha, uliza ni nani unayepaswa kumwamsha wewe. Jirani mgonjwa, kijana aliyetoka kipaimara akapotea, mama aliyeacha kuja jumuiya tangu msiba: mchague mmoja, umpigie simu kabla jua halijazama.